Watu Tusiojua Majina Yao: Waliokausha Uyoga Kabla ya Mashine Kuja

Najua mmezoea hapa tunawaongelea watu wenye majina makubwa, wenye picha, wenye mashabiki. Leo hakuna staa. Leo nawaletea watu ambao hatuna hata jina lao moja, hatuna picha, hatujui walizaliwa lini wala walizikwa wapi. Ila kazi yao tunaila mpaka leo. Ni wale waliotufundisha kukausha uyoga na kuutunza usiharibike.

Usicheke kwanza. Ngoja nikwambie ilivyonikuta.

Mwaka jana mwezi wa tatu jirani yangu anayelima mamama alivuna kuliko alivyotarajia. Wateja hawakuja, friji limejaa, akawa anagawa kwa bei ya kutupa. Mimi nikachukua kilo nne. Nikajisemea, nitaukausha mwenyewe, nitautunza, nitakula mpaka Krismasi. Nikauchanachana, nikautandaza barazani juu ya mkeka, siku mbili. Jua likija, likiondoka. Siku ya tatu nikaona umenyauka vizuri, nikautia kwenye makopo ya plastiki, nikafunga vifuniko kwa nguvu, nikajipongeza.

Baada ya wiki tatu nikafungua kopo la kwanza. Jamani! Harufu ya soksi za mvua. Juu kijani, chini utelezi. Makopo yote manne, hakuna hata moja lililopona.

Nikampigia shangazi yangu, anaishi Mufindi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza msiba wangu. Akauliza maswali kama daktari.

"Ulianika wapi?"

"Barazani, shangazi, juu ya mkeka."

"Mkeka ulikuwa chini?"

"Chini."

"Upepo ulipita kwa chini yake?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe hukuukausha uyoga. Umeuzika ukiwa hai."

Kisha akaongeza neno lililonikaa rohoni: "Mama yangu hakuwa na friji, wala hakujua kusoma, na uyoga wake wa masika ulikuwa unafika mwezi wa kumi."

Basi kuanzia hapo nikaanza kuchimba. Bibi yangu alifanyaje? Na yeye alifundishwa na nani? Na wenzake wa mbali, waliokuwa na uyoga mwingine na mvua nyingine, walifanyaje?

UYOGA HAUNA SUBIRA

Kwanza tuelewe ugomvi wenyewe. Uyoga mbichi karibu wote ni maji. Kati ya sehemu kumi, tisa ni maji. Ukichukua kilo kumi za uyoga mbichi ukaukausha sawasawa, utabaki na kama kilo moja. Hayo maji ndiyo yanayouharibu. Mahindi yanaweza kukusubiri shambani, muhogo unaweza kukaa ardhini, lakini uyoga ukiuchuma leo asubuhi, kesho unalegea, keshokutwa una funza.

Sasa sikiliza sehemu ya pili ya ugomvi, ndiyo iliyonishinda mimi. Uyoga wa porini huja na mvua. Yaani wakati ule ule unapohitaji jua kali la kuanikia, ndipo mbingu zimefunga. Samaki unaweza kumvua kiangazi ukamwanika. Mboga za majani unaweza kuzianika mvua zikiisha. Lakini uyoga unakuja umeshikana mkono na adui yake. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza kama mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili, hushika mpaka wa nne. Humo ndimo uyoga wa miombo unapochomoza: ule wa njano wenye umbo la tarumbeta, ule mwekundu, na ule mkubwa wa kwenye vichuguu ambao mtoto anaweza kujifunika kama mwavuli. Na sitanii. Aina moja ya uyoga wa vichuguu, ambayo wataalamu waliipa jina la kisayansi mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia, kofia yake inaweza kufika mita moja.

Kwa hiyo yeyote aliyesema "anika tu juani" hakuwa anaishi kwenye miombo. Watu wa huko ilibidi wabuni kitu kingine.

DARI LA MOSHI

Kitu hicho ni dari. Wengine huita uchaga. Kama umewahi kuingia jiko la kijijini la zamani unalijua: juu ya mafiga, kimo cha mtu kunyoosha mkono, kuna fito zimelazwa na kufungwa kwa kamba za magome. Fito hazibanani, zina nafasi. Juu yake kuna ungo, tunga, au matete yaliyosukwa. Chini moto unapikia ugali wa mchana na wa usiku. Moshi na joto vinapanda, vinapita kati ya fito, vinakipitia kilicholala juu, vinatokea kwenye nyasi za paa.

Tazama akili iliyomo hapo. Mama hakuwasha moto kwa ajili ya uyoga. Moto ulikuwepo tayari kwa ajili ya chakula. Aliyebuni dari alitumia joto lililokuwa linapotea bure. Tena hakuweka uyoga karibu na moto, maana ungeiva badala ya kukauka. Ungekuwa mgumu nje na majimaji ndani. Aliuweka juu, kwenye joto la wastani, hewa inatembea usiku na mchana. Mvua inyeshe wiki nzima, dari halijali.

Shangazi ananiambia kazi ilikuwa na mpangilio wake. Uyoga hauoshwi. Unafutwa udongo kwa kisu au kwa jani, kwa sababu ukiuosha umeuongezea maji unayotaka kuyatoa. Mkubwa unachanwa vipande, mdogo unaachwa mzima. Haulaliani, kila kipande kina nafasi yake. Mchana jua likichomoza hata kwa saa mbili, ungo unatolewa nje na kuwekwa juu ya paa au kichanja, kamwe si chini. Mawingu yakirudi, mtoto anapigiwa kelele, ungo unarudi ndani. "Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yetu ya riadha," anasema.

Kisha kutunza. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Uyoga mkavu una kiu. Ukiuacha wazi kwenye hewa yenye unyevu unainywa ile hewa mpaka unalainika tena, na ukungu unapata mlango. Bibi alikuwa akiuvunja kipande sikioni. Ukisema "ka!" uko tayari. Ukijikunja bila kuvunjika, unarudi darini. Ukishakuwa tayari unatiwa kwenye kibuyu, kibuyu kinazibwa kwa gunzi la mahindi, na kibuyu chenyewe kinaning'inizwa pale pale juu, ndani ya moshi. Kwa hiyo ghala nalo lilikuwa linaendelea kukaushwa kila siku ugali unaposongwa. Na moshi ulikuwa unawafukuza wadudu. Masizi yale meusi tunayoyaona ni uchafu, kumbe yalikuwa mlinzi.

Siwadanganyi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Moshi ule uliwaumiza akina mama macho na mapafu, na chakula kilichofukizwa sana kina mabaki ambayo leo tunajua si mazuri mwilini. Lakini kama ubunifu, ule mtambo ulikuwa na sehemu zote: chanzo cha joto, njia ya hewa, rafu, na ghala. Kosa langu mimi lilikuwa kudhani kinachokausha ni jua. Kinachokausha ni hewa inayotembea, ikiwa na joto kidogo la kuisaidia kubeba maji.

KWA NINI HATUNA MAJINA YAO

Nilijiuliza, mbona vitabu vya historia vina majina ya machifu, wafanyabiashara wa pembe, wapelelezi wa Kizungu, lakini hakuna jina la aliyelaza fito za kwanza juu ya mafiga?

Sababu moja ni kwamba uyoga hauachi alama. Pembe ya ndovu inabaki, shanga inabaki, chungu kinabaki vigae. Uyoga ukiliwa umekwisha, na dari likiungua au kuoza limekwisha. Sababu ya pili ni kwamba ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, na aliyekuwa akiandika vitabu hakuwa anaingia jikoni. Sababu ya tatu: uyoga wa kibuyuni haukutozwa kodi wala haukusafirishwa Ulaya. Serikali haihesabu isichokitoza.

Lakini hebu weka kibuyu hicho ndani ya historia tunayoijua uone uzito wake.

Chukua Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907. Wajerumani walipoona hawawezi kuyamaliza mapambano haraka, walichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliobaki waliingia porini kutafuta cha kutia tumboni. Mimi hufikiri hivi: kihenge cha mahindi kimesimama uani, kila askari anakiona, kinachomwa kwa dakika chache. Kibuyu unakitungua darini ukiwa unakimbia na mtoto mgongoni. Sina ushahidi wa mama fulani aliyefanya hivyo. Ila kati ya vitu vyote vya nyumbani, chakula chepesi kilichokauka ndicho kinachobebeka.

Kisha chukua zama za manamba. Kodi ilitaka pesa taslimu, na pesa ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanaume wa Ubena, Uhehe na kwingineko Nyanda za Juu Kusini waliondoka, wengine miezi, wengine miaka. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichokusanya watu mikoani na kuwapeleka mkonge. Kila mwanaume aliyeondoka aliacha jiko nyuma yake. Aliyebaki pale alilima peke yake, akalea peke yake, na kiangazi mboga za majani zilipokauka alipandisha mkono darini. Mkonge wa mume umeandikwa kwa tani. Kibuyu cha mke hakuna aliyekipima.

MPISHI MZEE WA MWAKA 1223

Nikadhani labda ni kwetu tu majina hupotea. Nikaamua kuangalia China, maana huko uyoga mkavu ni jambo kubwa tangu zamani. Nikakuta hadithi iliyonichekesha na kunitia aibu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1223 kijana mmoja mtawa kutoka Japani, jina lake Dōgen, alisafiri kwenda China kutafuta elimu ya dini yake ya Kibudha. Baadaye alikuja kuwa mwanzilishi wa moja ya shule kubwa za Zen huko kwao. Mwaka 1237 aliandika kijitabu cha maelekezo kwa wapishi wa monasteri, na humo anasimulia jambo aliloliona. Siku moja ya kiangazi, baada ya chakula cha mchana, alimkuta mpishi mkuu wa monasteri, mzee mgongo umepinda, ana fimbo mkononi na hana kofia kichwani, anaanika uyoga juani kwenye sakafu iliyokuwa inaunguza. Jasho linamtoka. Kijana akamuuliza umri, miaka 68. Akauliza kwa nini asiwatume vijana wa kazi. Mzee akamjibu kwa maana kwamba wao si yeye. Kijana akasema, sawa, lakini jua ni kali mno, kwa nini saa hii? Mzee akamrudishia swali: sasa alitaka asubiri saa ipi nyingine?

Dōgen alinyamaza. Alilichukua lile jibu kama somo la maisha, na watu wameendelea kulitafakari kwa karibu miaka 800.

Ila mimi niliyeozesha makopo manne nasoma pia upande wa jikoni. Yule mzee alikuwa sahihi kwa kazi yake. Saa ya jua kali ndiyo saa ya uyoga. Ukingoja kupoe, umeshachelewa. Ndicho kile kile alichokuwa anafanya bibi akimpigia kelele mtoto atoe ungo. Kijana aliyepita akasimama kuuliza ana jina kubwa mpaka leo. Mpishi, wengi wanamkumbuka kama "yule mzee wa uyoga" tu.

Miaka 90 baadaye, 1313, Mchina aitwaye Wang Zhen alimaliza kitabu kikubwa cha kilimo. Ndani yake kuna maelezo ya namna watu wa milimani walivyokuwa wakiotesha uyoga tunaouita leo shiitake: wanaangusha mti, wanautia mikato kwa shoka, wanaufunika, wanasubiri mwaka kwa mwaka, kisha wanaupiga mti kwa rungu ili kuuamsha uyoga. Anasema mbichi hupikwa hapo hapo, na ukikaushwa juani unakuwa uyoga mkavu wa kutunza. Anataja pia kwamba watu wa mabonde maskini ya ndani kabisa waliutegemea badala ya kulima. Soma tena hapo. Mtu anaishi mlimani mbali, hana shamba la maana. Uyoga mbichi usingefika sokoni ukiwa mzima. Uliokauka ulikuwa mwepesi, unabebeka begani siku nyingi, na bei yake haikuoza njiani. Kukausha ndiko kulikogeuza kitu cha siku mbili kuwa mshahara. Jina la mwandishi tunalo. Majina ya wenye shoka na rungu, hapana.

UZI WA BIBI WA POLAND

Sasa, si kila mtu ana jua la China wala dari la miombo. Huko Poland na Urusi uyoga wa porini huchumwa zaidi mwisho wa kiangazi na vuli, baridi ikikaribia. Jua lao wakati huo ni kama la kuazima. Wao walifanyaje? Walichukua sindano na uzi.

Uyoga ulikatwa vipande, ukatungwa kama shanga, kipande hakigusi kipande, kisha uzi ukaning'inizwa juu ya jiko la matofali au darini. Mpaka leo kuna familia za Poland zinazofanya hivyo, na uyoga huo mkavu huingia kwenye chakula cha mkesha wa Krismasi. Mwaka 1834 mshairi wao mkubwa, Adam Mickiewicz, alichapisha utenzi wake Pan Tadeusz, na ndani yake kuna sehemu nzima ya watu wakienda kuchuma uyoga msituni. Unaona? Uyoga uliingia hata kwenye kitabu cha taifa. Aliyebuni kuutunga kwenye uzi hakuingia.

Na ule uzi ni nini, ukiufikiria? Ni fito za bibi yangu kwa namna nyingine. Kipande kiko hewani pande zote, joto linatoka chini, hewa inapita. Watu ambao hawakuwahi kukutana, hawana lugha moja wala mti mmoja, walifika kwenye jibu lile lile: inua, tenganisha, pitisha hewa, kisha funga.

SAYANSI IKAJA IMECHELEWA

Mwaka 1957 mtafiti wa Japani, Akira Kuninaka, alionyesha kwamba utamu mzito wa shiitake unatokana na kitu kiitwacho guanileti. Uyoga ukikaushwa kuta za chembe zake hupasuka, na ukilowekwa na kupikwa kitu hicho huongezeka. Ndiyo maana uyoga mkavu una supu nzito kuliko mbichi. Wapishi walijua kwa ulimi. Maabara ilikuja kuwapa jina.

Tena uyoga una ergosteroli ambayo, ikipigwa na mionzi ya jua, hugeuka kuwa vitamini D. Ukiulaza kofia chini na ile sehemu yenye mikunjo kama kurasa za kitabu ikitazama juu, unapata zaidi. Shangazi alishaniambia kulaza hivyo. Nilipomuuliza sababu akasema, "Ndivyo tulivyofundishwa."

HAYA, TUJENGE LA KWETU

Wengi wetu hatuna mafiga wala paa la nyasi. Tuna gesi, baraza na feni. Basi nilijenga dari langu kwa vitu vya mtaani, na nakupa hapa kama nilivyolifanya.

Nilichukua kreti la mbao lenye kimo cha mtoto wa miaka mitano. Fundi akanitengenezea fremu nne, nikazivalisha chandarua kipya kisicho na dawa (hapo usifanye makosa, chandarua chenye dawa ya mbu usikiguse). Hizo ndizo fito zangu. Chini ya kreti, upande wa mbele, nikaunganisha sanduku jembamba lililolala mshazari: chini kuna bati lililopakwa rangi nyeusi, juu nailoni angavu. Hewa inaingia kwa chini, inapashwa na bati, inapanda yenyewe kupitia uyoga, inatokea kwenye tundu la juu upande wa nyuma. Matundu yote nimeyafunika kwa wavu, nzi wasiingie. Ukiacha tundu la juu dogo mno, kreti linageuka jiko la mvuke, uyoga unachemka kwa jasho lake.

Mamama nauchana kwa mkono kufuata nyuzi zake. Wa kifungo naukata unene wa nusu sentimita. Siku ya kwanza joto la nyuzi 40 na kitu linatosha, mwisho unaweza kufika 55 au 60. Mvua ikinyesha naingiza fremu ndani nazipulizia feni ya mezani usiku kucha. Feni peke yake haimalizi kazi, ila inazuia uyoga usiharibike mpaka jua lirudi. Na tafadhali, usiwashe jiko la mkaa chumbani umefunga madirisha ati unakausha uyoga. Mkaa unaua.

Ukishasema "ka!", uache upoe kidogo, utie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Kesho yake itazame. Ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, chupa inatoa jasho. Uyoga haujakauka, rudisha kwenye fremu. Ikibaki safi, tia kile kipakti cha chembechembe cha kunyonya unyevu, kikiwa kizima, funga, andika tarehe, weka kabatini gizani. Mimi sina moshi wa bibi, kwa hiyo kifuniko ndicho mlinzi wangu. Sisi wa pwani hasa, hewa yetu ni maji matupu.

KISICHOTIWA KWENYE CHUPA

Mpaka hapo unaweza kudhani tumeshinda. Lakini shangazi aliposikia habari za kreti langu aliuliza jambo moja: "Na uyoga wenyewe unautambua?"

Hapo nikakosa jibu. Mamama naununua, umelimwa. Bibi alikuwa anatambua aina nyingi za porini kwa macho, kwa harufu, kwa mti ulio jirani. Na hilo halikaushwi. Kuna uyoga wenye sumu unaofanana na mwema kama pacha, na kuukausha hakuondoi ile sumu ya ini inayoua. Kuupika pia hakuondoi. Zile kanuni za mtaani, eti ukiliwa na wadudu ni salama, eti kijiko cha fedha kitabadilika rangi, ni uongo na zimeshaua watu. Kama hukufundishwa na anayejua, nunua uliolimwa. Mwaka 2003 Marja Härkönen na wenzake Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania, na ni kazi nzuri. Lakini kitabu hakikushiki mkono kukurudisha nyuma unapoinama kuchuma mbaya.

Na kuna la pili. Ule uyoga wa njano wa miombo huishi na mizizi ya miti ile, kama ndoa. Haulimwi kwenye mifuko ya pumba. Ule wa vichuguu hauishi bila mchwa wake. Miti ikikatwa kwa mkaa, uyoga unaondoka nayo, na mkaa huo mwingi unakuja huku huku mijini kwetu, kupikia. Shangazi anasema mahali walipokuwa wakijaza ungo asubuhi moja, sasa wanatembea mpaka mchana.

Mwezi wa sita nilimtumia chupa moja ya mamama wangu kwa basi. Akanipigia jioni. Alikuwa ameuloweka, akauunga na karanga, wamekula na ugali. Nikasubiri sifa.

"Umekauka," akasema. "Ila hauna harufu ya nyumbani."

Halafu akaniambia mwezi wa kwanza, mvua zikishika, niende. Goti linamsumbua lakini porini bado anafika, na anataka kunionyesha upi unachumwa na upi unaachwa kabla hajashindwa kutembea. Nauli nimeshaiweka pembeni.

Nawe je? Kwenu uyoga ulikuwa unaanikwa wapi, darini, juu ya paa, kwenye uzi? Nani alikuwa anaupandisha na kuushusha? Kama jina lake unalikumbuka, liandike hapo chini. Angalau hilo moja lisipotee.